Siku Hizi Mtaa Unasoma

Ryan Ogam alipofunga Morocco dakika ya 42, tarehe 10 Agosti 2025, Umoja, mtaa wetu, yote ilitetemeka. Nduthi zilipiga honi, mathe wa chapo akaacha jiko akatoka nje na mwiko kwa mkono, na watoi wenye hata hawajui ofsaidi ni nini wakamwagika barabarani wakipiga nduru. Alafu kabla ya mapumziko Erambo akapewa kadi nyekundu, tukabaki kumi, na ile nusu ya pili yote hakuna msee alikaa chini. Kumi, na ni Morocco, timu yenye ilikuwa imebeba CHAN ya 2018 na ya 2020. Tukashika hiyo 1-0 hadi firimbi. Maze, bado nikiikumbuka naskia nywele za mkono zikisimama.

Sasa cheki kitu ilifuata. Hatukuwa tumemaliza kuimba, chali mmoja kwa base akauliza: "Na ile milioni ya kila plea, inatoka kwa bajeti gani?" Hakuna mtu alimwambia anyamaze. Rais alikuwa ameahidi Harambee Stars milioni moja kila mmoja wakishinda mechi, na nusu yake wakitoka sare. Base yote ilitaka hao machali wapewe hiyo doh, ju CHAN ni ya maplea wa ligi za nyumbani, na ligi yetu tunaijua: kuna wenye wanachezanga miezi bila mshahara. Lakini walitaka pia kuona penye imeandikwa. Walishangilia kwa roho safi na wakauliza kwa roho safi, na sioni mbona mtu achague moja.

Hii tabia ilianza June 2024. Kabla ya hapo mswada wa fedha ulikuwa stori ya wazae. Msee wa tai aliusoma kwa TV saa tatu usiku, mkaskia tu ati mafuta inapanda, mkaendelea na maisha. Hakuna mtu wa rika yangu alikuwa ameushika. Alafu ukatumwa kwa WhatsApp, PDF nzima, na tukaufungua.

Nakumbuka vizuri siku moja kwa kinyozi. Jumamosi, viti vyote vimejaa, na chali mwenye alikuwa anangoja kunyolewa anasoma kifungu kwa kifungu kwa sauti. Mkate uwekewe VAT ya 16%. Gari ilipe kodi ya 2.5% ya thamani yake kila mwaka. Ushuru wa kutuma pesa kwa simu utoke 15% hadi 20%. Hapo kinyozi akazima mashini. Ameshika kichwa ya mteja, nusu imenyolewa, nusu bado. Akauliza: "Hiyo 20% inakatwa kwa doh yenye natuma, ama kwa yale makato?" Kimya. Chali akarudi juu, akasoma tena polepole, akasema ni kwa makato. Kinyozi akafikiria kidogo, akasema bado ni mbaya, lakini sio mbaya venye alikuwa ameambiwa. Akawasha mashini.

Hapo ndio niliona kitu kubwa inatendeka. Alikuwa na hasira, lakini alitaka hasira yake iwe na ukweli. Na yeye sio mtu wa siasa. Ni msee wa kukata nywele mwenye anatumia mathe wake doh kila Ijumaa na anajua makato yanamuuma kiasi gani.

Nchi yote ilikuwa inafanya hivyo. Watu walieleza mswada kwa TikTok kwa lugha za nyumbani, Kikuyu, Dholuo, Kikamba. Wengine wakaunda roboti za AI za kujibu maswali ya mswada. Kwa Spaces za X wanasheria walikesha wakijibu watu hawajawahi kukutana nao. Tarehe 18 kamati ya bunge ikaondoa kodi ya mkate na ya gari, na bado watu waliendelea kusoma, ju walijua kulikuwa na mengine ndani. Tarehe 25 wabunge 195 wakapitisha, 106 wakakataa, na watu wakaingia bunge. Risasi zikapigwa. Siku iliyofuata rais akasema hatatia sahihi. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilihesabu angalau watu 60 waliokufa kwa maandamano ya msimu huo. Mi siwezi andika hiyo namba alafu niruke sentensi inayofuata. Ni machali na madem wenye walitoka keja asubuhi na simu, bendera na chupa ya maji, na kuna mathe bado anangoja kuelezwa ni nani alimpigia mtoto wake risasi.

Mwaka uliofuata serikali ilikuwa imejua tunasoma. Mswada wa fedha wa 2025 ulikuja bila kelele, hakuna mkate, hakuna gari. Lakini kifungu cha 52 kilitaka kufuta ule ulinzi wenye unazuia KRA kulazimisha biashara ziwape data za siri za wateja. Kwa lugha ya mtaa: mtu wa kodi aingie kwa M-Pesa yako bila kupitia kortini kwanza. Hii haingeonekana kwa bei ya dukani. Ilionekana ju kuna watu walifika kurasa za huko ndani, wakapiga skrinshoti, wakafowadi. Kamati ikakitoa. Hakuna gari ilichomwa, hakuna mtu alikimbizwa na karao kwa sababu ya hicho kifungu, na kwangu huo ni ushindi mkubwa sana ingawa haukutajwa sana.

Lakini kusoma kumekuwa na bei. Mwisho wa Mei 2025 developa mmoja, dem, alishikwa ju alitengeneza tovuti yenye ilisaidia wananchi kutumia bunge barua pepe za kupinga huo mswada. Alilala ndani wikendi ya Madaraka. Kortini June hiyo mashtaka yakatupwa. Siku chache kabla ya hapo, tarehe 8, mwalimu kijana mwenye alikuwa anaandika kwa X alikufa akiwa mikononi mwa polisi, Central, Nairobi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopima mwili wakaonyesha majeraha yasiyolingana na hiyo stori. Hata hiyo ripoti ya madaktari tuliisoma. Vijana wa miaka 20 wakisoma maneno ya mochari kwa simu ndani ya mathree, wakieleza mwenye ameketi kando. Haifai kuwa hivyo, lakini ndivyo ilikuwa.

Alafu Oktoba 15. Asubuhi hiyo tuliamka tukaskia mwanasiasa Raila Odinga amededi huko Kerala, India, akiwa na miaka 80. Sijawahi ona mtaa umenyamaza hivyo. Hata wenye hawakuwa wanampenda, hasa baada ya kushikana na serikali, walikaa tu. Kila mtu ana mzae kwa familia mwenye alipigwa teargas kwa sababu yake, au alipata kazi kwa sababu yake, au alikosa. Na siku hiyo hiyo, rais akatia sahihi mabadiliko ya sheria ya makosa ya mitandao, yenye yanapanua nguvu za kufunga tovuti na yanagusa venye mtu anaweza andika kuhusu mwenzake. Ilituchukua siku kadhaa kuiona, ju tulikuwa kwa matanga. Lakini ilionekana. Kufikia tarehe 22 High Court ilikuwa imesimamisha baadhi ya vifungu. Mtu alikuwa amesoma hata akiomboleza, na namshukuru, yeyote yule.

Upande wa kazi ndio unanisumbua zaidi, ju hapo ndio kusoma hakutoshi. Mtaa wetu kuna machali wengi walisomesha AI. Walikuwa wanachora mistari kwa picha za barabara, wanapanga sentensi, wanachuja picha mbaya zenye huwezi toa kwa akili ukishaziona. Gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba Wakenya waliochuja maandishi ya OpenAI walikuwa wanabeba chini ya dola mbili kwa saa. Alafu Machi 2024 Remotasks, tovuti ya hizo kazi, ikafunga Kenya. Mtu alilala na kazi, akaamka akapata akaunti haifunguki. Nilimuuliza beshte yangu mmoja kama alikuwa amesoma mkataba. Alisoma. Wote walisoma. Uliandikwa vizuri kabisa kwamba wanaweza kufungiwa wakati wowote, na walibonyeza kukubali ju rent ilikuwa imefika. Sasa unamwambia nini mtu kama huyo? Yeye hahitaji kuchanuliwa. Anahitaji sheria ya kazi yenye inamjua, na wabunge wenye wanapenda kupiga picha na vijana wa teknolojia bado hawajamwandikia hiyo.

Disemba 2025 ikaja ile ya Safaricom. Serikali ilitangaza inataka kuuzia Vodacom 15% ya kampuni, shilingi 34 kwa hisa, jumla bilioni 204 hivi. Serikali itoke 35% ibaki na 20%, Vodacom wafike 55%. Hii stori ilipigwa kwa base yetu karibu wiki nzima, na ilipigwa na kalkuleta. Hiyo 15% ni hisa karibu bilioni 6. Mwaka ulioisha Machi 2025, Safaricom ililipa gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Kwa hivyo serikali inaachilia kitu kama bilioni 7.2 kwa mwaka ili ipewe 204 mara moja, yaani gawio la miaka 28 hivi kwa kiwango hicho. Msee mmoja akasema hiyo ni deal fiti, barabara zijengwe sasa bila mkopo. Mwingine akasema gawio litapanda, na ukishauza huwezi rudi kuomba.

Mi niko na huyu wa pili. Safaricom ndio M-Pesa, na tangu 2007 M-Pesa ndio mfuko wa kila mtu mtaani: rent, fees, fare, mchango wa matanga, mbao ya mtoi. Kitu kama hiyo sitaki uamuzi wake wa mwisho ufanyiwe nje ya nchi, hata kama bei ni tamu. Lakini kitu ilinifurahisha ni venye hakuna mtu kwenye hiyo argument alitaja kabila ya mtu. Walikuwa wanabishana na namba. Na wawili kati yao sasa wako na hisa zao wenyewe, ju soko la Nairobi siku hizi linakuruhusu kubuy hata hisa moja. Kitambo lazima ubebe mia.

Naambiwa haya yote yanatufanya tuwe watu wagumu, hatuna tena raha. Sio kweli. Tarehe 25 June 2025 tulirudi barabarani kukumbuka wale wa 2024, na watu wengine wakauawa. Kesho yake usiku, na bado tuko na huo uchungu, tulikusanyika mbele ya simu moja kumcheki Faith Kipyegon akijaribu maili chini ya dakika nne, Stade Charléty, Paris. Hakufika. Alikimbia 4:06 na kitu, na haikuhesabiwa rekodi ju ya wale wakimbiaji wa kumkinga upepo. Lakini aliangusha mwili wote kwa ile njia, na madem wa ploti yetu walikuwa wanalia bila kujificha. Siku tisa baadaye, huko Eugene, Marekani, akapiga 1500 kwa 3:48.68, rekodi ya dunia, na mchana huo huo Beatrice Chebet akawa mwanamke wa kwanza kukimbia 5000 chini ya dakika 14. Hiyo wikendi tulidunda hadi asubuhi.

Na ile Oktoba, mkimbiaji wa marathon Ruth Chepngetich alipopigwa marufuku ya miaka mitatu, iliuma vibaya. Tulikuwa tumemshangilia Chicago na ile 2:09:56. Kwa base kulikuwa na wenye walisema ni njama ya wazungu. Lakini kuna dem wa ploti ya pili, anakimbianga mwenyewe, alisoma uamuzi hadi chini akawaeleza: dawa iliyopatikana ni hydrochlorothiazide, sampuli ni ya Machi 2025, rekodi ya Chicago imebaki ju ilikimbiwa kabla ya hapo. Alieleza bila kumtetea na bila kumkanyaga. Alafu akaenda mazoezi.

Sheria inasema mswada wa fedha lazima ufike bunge kabla Aprili 30 iishe. Kwa grupu yetu tushagawana kazi mapema. Kuna wa VAT, kuna wa kodi ya mapato, na yule chali wa hisa amechukua mambo ya data. Mimi nimechukua ushuru wa bidhaa, na mathe wa chapo ameniambia nikifika penye wameandika mafuta ya kupika, nimwite kwanza.