Pumzi Kabla ya Takbira

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu Waislamu, baada ya darsa moja alinijia mama mjane na swali ambalo nililijibu vibaya. Tangu afiwe na mumewe alikuwa hapati usingizi, na hospitalini alifundishwa kukaa kimya dakika chache kila siku, akifuatilia pumzi zake zinavyoingia na kutoka. Alitaka kujua iwapo hiyo si ibada ya dini nyingine. Nami, nikiwa na haraka ya kuwahi Laasiri, nilimwambia aachane nayo. Akaitika, "Sawa, sheikh wangu," akaondoka. Mwezi uliofuata kaka yake akaniarifu kuwa amerudi kukesha. Ndipo nilipofungua vitabu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kufungua kinywa.

Ni kweli kwamba Mabudha wamelitumia zoezi hili tangu kale. Lakini linalofundishwa hospitalini limepita njia nyingine. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, msomi wa biolojia, alianza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, pasipo kuwataka waingie katika dini yoyote. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Pumzi hujiendea yenyewe tukiwa usingizini, na bado twaweza kuiongoza kwa hiari yetu. Mapigo ya moyo hatuwezi kuyaamuru hivyo. Tukiitoa pumzi polepole, mshipa wa fahamu ushukao kutoka ubongoni hadi kifuani na tumboni huupunguzia moyo kasi. Huo ni mwili tu, kama alivyouumba Mola wake.

Na sisi tulikuwa wapi? Mtume (S.A.W.) alitukataza kuikimbilia swala inapokimiwa, akatuamuru tuiendee kwa utulivu, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ibn Hajar, katika sherehe yake ya Sahihi Bukhari, ametaja sababu ambayo nilikuwa nimeisoma ujanani nikaipita: mwenye kukimbia hufika akihema, akaanza kisomo katika hali hiyo, na khushuu yake haitimii. Tazama jinsi mwanachuoni huyo alivyoifungamanisha pumzi na khushuu! Naye Imamu Ghazali, katika Ihyaa, ametanguliza hudhuri ya moyo miongoni mwa maana za ndani za swala; yaani moyo uwepo pale ulipo mwili. Ni nani kati yetu ambaye hajawahi kutoa salamu asijue amesoma sura gani katika rakaa ya pili?

(Sizungumzii hapa zikri za pumzi zinazojulikana katika mwambao wetu. Mabishano yake ni ya zamani na yana mahali pake.)

Ninavyoona mimi, zoezi hili ni katika mambo ya kawaida ambayo asili yake ni kuruhusika, mfano wa kunyoosha viungo. Likiambatanishwa na maneno ya ibada ya wengine, tuliache. Wala tusilizushie thawabu maalumu au idadi ya kisheria.

Anayetaka kuanza, na atangulie msikitini au kwenye mswala wake dakika tano. Akae mgongo ukiwa wima pasipo kukakamaa, kiganja kikiwa juu ya tumbo. Avute pumzi kwa pua akihesabu kimoyomoyo hadi nne, aitoe taratibu hadi sita, na hesabu ikimchosha aiache. Fikra zitamkimbilia deni, ada ya shule, maneno ya jirani. Hilo si kosa wala si dalili ya imani dhaifu. Agundue tu kuwa ametoka, arudi kwenye pumzi. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe, na ndiko atakakokuhitaji atakapokuwa katikati ya Alhamdu. Siku za mwanzo huenda asipate pumzi tatu mfululizo. Mimi sikupata.

Asiibane pumzi, na akihisi kizunguzungu aache. Wapo ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia hofu, hasa wenye pumu au waliofikwa na msiba mkubwa. Hao wafungue macho, wazisikilize nyayo zao zilivyogusa sakafu. Na anayetumia dawa asiziache kwa sababu hii.

Nilikwenda kwa yule mama nikiwa na kaka yake, nikamwomba radhi, nikamweleza haya. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama yafaa kulifanya akiwa amelala kitandani, kwani magoti yanamsumbua na usiku ndio mrefu. Nikamwambia yafaa.

Wallahu aalam.