Fahamu: Kuhamia Barbados na kompyuta yako

Julai 2020, utalii ulipokwama kwa sababu ya korona, serikali ya Waziri Mkuu Mia Mottley ilizindua Welcome Stamp: kibali cha miezi 12 kwa mgeni anayefanyia kazi mtandaoni mwajiri au wateja walio nje ya Barbados. Masharti? Kipato cha dola 50,000 za Marekani kwa mwaka, na ada ya dola 2,000 kwa mtu mmoja au 3,000 kwa familia. Si kibali cha watu wa kawaida, tuseme ukweli.

Ukifika, hesabu ya pesa ni nyepesi: dola 2 za Barbados ni dola 1 ya Marekani. Sokoni ndiko kwenye kazi, kwani vyakula vingi huagizwa kutoka nje na bei huuma. Magari hupita kushoto kama kwetu, na vibasi vya ZR, kwa muziki na mwendo wao, vitamkumbusha Mkenya matatu. Plagi ni za Kimarekani.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, uliza kuhusu paa na madirisha: msimu wa vimbunga huanza Juni na kuisha Novemba.