Maneno ya Kiingereza na Asili Yake (Sehemu ya 4): Sifa Iliyogeuka Lawama

Katika sehemu iliyopita tulilichambua neno "notable", lililotokana na "nota", yaani alama kwa Kilatini: mtu au jambo linalostahili kutiwa alama ili lisisahaulike. Neno hilo limevuka karne nyingi na heshima yake haijapungua. Leo tunamgeukia ndugu yake, "egregious", ambaye safari yake ilikwenda upande.

Msomaji wa siku hizi hukutana na neno hili zaidi katika hukumu za mahakama na ripoti za haki za binadamu. Kosa likiitwa hivyo, si kubwa tu; ni baya la kupindukia, tena liko wazi kiasi kwamba hakuna awezaye kudai hakuliona. Wafasiri wengi huandika "ukiukwaji mkubwa" wakaishia hapo. Ukubwa wameupata, lakini ule uwazi wa kosa, kufanyika kwake mchana kweupe, umewaponyoka.

Asili ya neno, hata hivyo, haina ubaya wowote. Kwa Kilatini "egregius" ni muungano wa "e", maana yake kutoka, na "grex", kundi la mifugo. Ni yule aliyeteuliwa kundini kwa ubora wake. Lugha ya Warumi ilibeba harufu ya zizi hata katika mambo ya mjini: fedha waliiita "pecunia", kutokana na "pecus", mifugo. Na "grex" limezaa ukoo mzima katika Kiingereza. "Congregation" ni waliokusanyika kundi moja, kama waumini kanisani. "Gregarious" ni mpenda watu, asiyeweza kukaa peke yake. "Segregation" ni kutengwa na kundi, neno lililotumika Marekani kwa ubaguzi uliowatenga weusi na weupe katika shule, mabasi na hoteli.

"Egregious" liliingia Kiingereza katika karne ya 16, wakati wasomi wa Uingereza walipokuwa wakichota Kilatini bila kipimo. Christopher Marlowe, katika tamthilia yake ya Tamburlaine iliyochapishwa mwaka 1590, analitia kinywani mwa mfalme anayewatukuza magavana wake. William Shakespeare, aliyezaliwa mwaka mmoja na Marlowe, 1564, analitumia kinyume katika Cymbeline: mhusika mmoja anajilaani nalo kuwa muuaji. Maana mbili zikaishi nyumba moja kwa muda mrefu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755, aliziorodhesha zote, ila akaeleza kwamba ile mbaya ndiyo iliyozoeleka.

Kilichoigeuza sifa hiyo, kwa maelezo ya wanaisimu, ni kejeli. Sisi wenyewe tunaijua njia hiyo. Tukisema fulani ni bingwa wa kukopa, au hodari wa kusema uongo, hakuna anayedhani tunamsifu. Bahati ya "bingwa" na "hodari" ni kwamba bado tunayatumia kwa sifa ya kweli kila siku, kwa hiyo hayajaharibika. "Egregious" halikuwa na kinga hiyo. Lilikuwa neno la wasomi, matumizi yake mema yalikuwa machache, na dhihaka ikalimeza.

Watoto wengine wa Kilatini hawakufuata mkondo huo. Mwitaliano anayeandika barua rasmi bado humwita mpokeaji "Egregio", nasi tungesema Mheshimiwa. Wimbo wa taifa wa Ureno, uliopitishwa rasmi mwaka 1911, unawatukuza mababu kwa neno hilohilo. Mwingereza akiitwa hivyo leo angedai kuombwa radhi.

Tunaloliona hapa ni kwamba kujitokeza kundini, peke yake, si sifa wala si aibu. Hukumu hutolewa na kundi lililobaki nyuma, na makundi hayahukumu sawa. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kumsifu mwalimu wake kwa Kiingereza achague "eminent" au "outstanding", aliache "egregious" kwa wenye makosa.

Wiki ijayo: "notorious", neno ambalo hapo mwanzo lilimaanisha tu kujulikana.