Nani Atakuwa Anyanwu, Nani Atakuwa Murile

Kampuni ya televisheni inapotangaza kwamba riwaya fulani ya fantasia itageuzwa kuwa tamthilia, wasomaji wake huingia katika kipindi cha kungoja kinachoweza kuchukua miaka. Mwandishi wa mswada hutajwa mapema, mwongozaji naye hutajwa, lakini swali linalowashughulisha mashabiki ni moja: nani atacheza nani? Hata riwaya ya maisha ya kawaida huzua swali hilo, ila fantasia hulitia uzito zaidi, kwa sababu mhusika wake hana mfano mitaani. Hakuna aliyewahi kumwona mtu anayehama mwili huu kuingia mwili ule, wala mtoto aliyetokana na gimbi. Msomaji amemjenga mwenyewe kwa nyuso na sauti za watu anaowafahamu, na sasa mtu mwingine anakwenda kumwamulia.

Uamuzi huo huanzia kwa msimamizi wa uteuzi wa waigizaji, anayefanya kazi bega kwa bega na mwongozaji na watayarishaji. Waigizaji hupewa kurasa chache za mswada na kurekodiwa wakizicheza. Wanaobaki huchezeshwa wawiliwawili, kwa kuwa mwigizaji hodari akiwa peke yake huweza kupoa akiwekwa mbele ya mwenzake. Watoto wana ugumu wao: hukua haraka kuliko hadithi. Kampuni ya HBO ilipotafuta watoto watatu wa kuongoza tamthilia mpya ya Harry Potter, zaidi ya watoto 30,000 walijitokeza, na majina yakatangazwa Mei 2025. Hata baada ya kuchagua, mambo hubadilika. Sehemu ya kwanza ya majaribio ya Game of Thrones ilikuwa na Tamzin Merchant katika nafasi ya Daenerys. Watazamaji wa 2011 walimwona Emilia Clarke.

Majina yakishatoka, ugomvi huanza. Mei 2022 ilitangazwa kwamba Leah Jeffries, msichana Mmarekani mweusi, angekuwa Annabeth katika tamthilia ya Percy Jackson. Vitabuni Annabeth ana nywele za rangi ya dhahabu, na baadhi ya wasomaji walimshambulia mtoto huyo kwa maneno makali. Rick Riordan, aliyeviandika vitabu hivyo, alijitokeza kumtetea: yeye ndiye aliyemuumba Annabeth, na alichokitafuta ni tabia yake, wala si rangi ya nywele. Riordan alikuwa na haki. Kitabu kile hakisimami juu ya nywele za binti, kinasimama juu ya akili yake na ujasiri wake.

Afrika Mashariki imewahi kufaidika na uhuru wa aina hiyo. Edi Gathegi, mzaliwa wa Nairobi, alipewa nafasi ya Laurent katika filamu ya Twilight ya 2008, ingawa riwaya ya Stephenie Meyer inamchora mnyonya damu huyo kwa rangi nyingine. Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, alikuwa mmoja wa wachawi katika Emerald City, tamthilia ya 2017 iliyotokana na vitabu vya L. Frank Baum kuhusu nchi ya Oz.

Lakini ipo fantasia ambayo asili ya mhusika ni sehemu ya hadithi yenyewe, na hapo uhuru huo unapungua. Machi 2019 Amazon ilitangaza mpango wa kuigeuza Wild Seed, riwaya ya Octavia Butler iliyotoka 1980, kuwa tamthilia. Watayarishaji walikuwa JuVee, kampuni ya Viola Davis na mumewe Julius Tennon. Mswada walikabidhiwa Nnedi Okorafor, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na Wanuri Kahiu wa Kenya, ambaye pia angeiongoza. Majina ya waigizaji hayakutajwa, na wasomaji wakaanza kukisia.

Walikuwa na sababu ya kukisia kwa bidii. Hadithi inaanza 1690, Afrika Magharibi, wakati wa biashara ya utumwa. Anyanwu ni mganga wa Kiigbo aliyeishi karne tatu, na anaweza kujigeuza chui, pomboo, kijana au bibi kizee. Doro, aliyezaliwa Nubia maelfu ya miaka kabla, hana mwili wake: huua mtu, akauvaa mwili wa marehemu, ukichakaa akatafuta mwingine. Doro mmoja basi anahitaji waigizaji wengi, wanaume kwa wanawake, weusi kwa weupe, na kila mmoja lazima ajifunze mwendo uleule, utulivu uleule wa kutisha, ili mtazamaji amtambue kabla hajasema neno. Anyanwu naye anadai kinyume chake, yaani mwigizaji mmoja ambaye Uigbo wake hautoweki hata anapovaa sura ya mzungu. Butler alifariki 2006, kwa hiyo hawezi kusema kama Riordan alivyosema. Kimebaki kitabu, na kila msomaji anakishika kama ushahidi wa upande wake.

Kazi za Kahiu zilizotangulia zinatoa dokezo la namna anavyochagua. Filamu yake ya Rafiki, iliyofika Cannes 2018, ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, na nafasi kuu mojawapo alimpa Samantha Mugatsia, sura mpya kabisa katika filamu. Mwaka uliofuata Mugatsia akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko FESPACO, Burkina Faso.

Kwa msomaji wa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mfano wa karibu zaidi si wa fantasia. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa 1999, imesomwa kwa miaka na wanafunzi wa kidato cha tano na sita, na mkoa wa Kilimanjaro una shule nyingi. Wanafunzi wamejibu maswali ya mtihani juu ya Yasmini, Denge na Mwajuma hadi wakawaona kama ndugu. Amil Shivji alipoigeuza kuwa filamu, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021, Yasmini akawa Ikhlas Gafur Vora, Denge akawa Gudrun Columbus Mwanyika, na Mwajuma akawa Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar. Kumpa mwanamuziki nafasi hiyo kulikuwa uamuzi wa busara, maana Mwajuma wa kitabuni anaishi kwa taarabu na furaha.

Mlima wenyewe umekaa kwenye sinema muda mrefu, lakini kama mandhari. Hadithi ya Ernest Hemingway ya 1936 kuhusu theluji ya Kilimanjaro ikawa filamu mwaka 1952, na nafasi kuu zikaenda kwa Gregory Peck, Susan Hayward na Ava Gardner. Wakati huo fantasia ya Wachagga ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mmisionari Mjerumani Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Kilimanjaro kuanzia 1902, alichapisha ngano hizo Leipzig mwaka 1914.

Katika ngano hizo yumo Murile, kijana aliyelificha gimbi zuri ndani ya shina lenye uwazi, likageuka mtoto, akawa anamlisha chakula chake mwenyewe hadi akakonda. Mama yake alipogundua akamuua mtoto yule. Murile akakaa kwenye kigoda cha baba yake, kigoda kikapaa naye mpaka kwa watu wa mwezini, waliokuwa wakila vyakula vibichi. Akawafundisha moto, wakamlipa ng'ombe na mbuzi. Safari ya kurudi ilimchosha, fahali akambeba kwa sharti kwamba asile nyama yake kamwe. Baadaye fahali alichinjwa, mama akamtilia mwanawe mafuta yake katika chakula, na Murile akadidimia ardhini.

Nafasi ngumu kuliko zote hapo si ya Murile, ni ya mama. Akichezwa kama mwovu, ngano inavunjika. Anaua mara ya kwanza kwa hofu ya mzazi anayemwona mwanawe anakonda, na mara ya pili anamlisha kwa mapenzi. Inahitaji mwigizaji anayeweza kubeba yote mawili bila kuomba huruma. Halafu kuna lugha. Katika Kichagga, Kimachame si Kivunjo, na mzee wa Rombo hupata taabu kumfuata mzee wa Machame. Mara tu mama wa Murile akifungua kinywa, upande mmoja wa mlima utamtambua kuwa wao, na pande nyingine zitauliza kwa nini si wao. Ngano hii haina Riordan wa kuitetea wala kitabu cha Butler cha kufunguliwa. Nakala ya Gutmann ni simulizi moja kati ya mengi. Mchagua waigizaji atakayeishika atalazimika kuanza vihambani, kwenye mashamba ya Wachagga, kuwasikiliza wasimulizi wa pande zote, na kuamua kwanza ni Murile wa nani anayemtafutia sura.