Kichekesho cha Katuba, makofi ya Karavia: wizi unaowamaliza wachekeshaji wenye majina

LUBUMBASHI – Bei ya tiketi moja ya usiku wa vichekesho kwenye ukumbi wa hoteli kubwa, kama ile ya Karavia, inaweza kulisha familia ya Katuba bukari kwa siku kadhaa. Anayelipa feza hiyo anataka kitu kimoja tu: kucheka jambo ambalo hajalisikia bado.

Kwa mchekeshaji kijana, hakuna kinachouma kama kuketi ndani ya ukumbi wa namna hiyo na kusikia maneno yake mwenyewe yakitoka katika kinywa cha mwingine. Aliyatunga akiwa kwenye foleni ya maji, akayajaribu mbele ya marafiki katika lupango, akayarekodi kwa simu na kuyatuma. Wiki chache baadaye mtu mwenye jina anayasema mbele ya watu mamia, nao wanapiga makofi.

Hasara haiishii pale. Kesho kijana akirudia kichekesho chake, yeye ndiye ataambiwa: «Umemwiga mkubwa.» Mwizi wa pikipiki akikamatwa, pikipiki hurudishwa kwa mwenyewe. Kichekesho hakirudishwi, kwa sababu wakishakisikia kwa mtu maarufu, watu hukihesabu kuwa chake.

Wakati kichekesho kilikuwa cha kundi

Lubumbashi si mji uliojifunza kucheka juzi. Kabla ya simu na YouTube, watu wa hapa walikuwa na mchezo, yaani tamthilia fupi za radio na televisheni zilizosemwa kwa Kiswahili cha mjini. Jina kubwa kuliko yote katika kazi hiyo ni Mufwankolo, ambaye jina lake halisi ni Odilon Kyembe Kaswili. Kundi lake lilicheza mambo ambayo kila mtu aliyajua: ugomvi wa bwana na bibi, mshahara usiofika mwisho wa mwezi, mkubwa wa kazi anayejisikia, mgeni kutoka kijijini aliyepotea mjini.

Namna walivyofanya kazi inaeleweka vizuri, kwa sababu mwanaanthropolojia Johannes Fabian, wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, aliifuata kwa karibu mwaka 1986 na kuandika kitabu juu yake, kilichochapishwa mwaka 1990. Hakukuwa na maandishi ya kukariri. Mmoja alileta wazo, wengine wakalijadili, wakagawana sehemu, wakajaribu, wakakosoana, wakajaribu tena. Kila mchezaji alitafuta maneno yake mwenyewe.

Mwaka ule walianza na msemo mmoja: «Le pouvoir se mange entier», yaani ukubwa huliwa wote, haugawanywi. Fabian aliusikia mezani, akawauliza maana yake. Jibu lao likawa mchezo mzima, ambao televisheni iliurekodi katika kijiji cha Kawama, karibu na Lubumbashi, wakati wa utawala wa Mobutu. Kusema juu ya ukubwa wakati ule haikuwa masolo ya kupitisha saa.

Habari hiyo inafundisha jambo muhimu. Msemo haukuwa mali ya mtu. Yeyote angeweza kuuchukua. Kilichokuwa mali ya kundi ni kazi waliyoifanya juu yake: watu waliowaumba, mpangilio, majibizano, mahali pa kunyamaza na mahali pa kupasua kicheko. Hata leo, anayetaka kutenganisha kuiga na kuiba hana budi kuanzia hapo.

Mtu mmoja na kinasa sauti

Vichekesho vya sasa, ambavyo vijana huviita stendapu, vimebadilisha hesabu. Hakuna kundi wala nguo za kuigizia, na hakuna anayejibu. Mtu mmoja anasimama na kinasa sauti na kusema: «Mimi, mama yangu, mtaa wangu.» Anachouza ni maisha yake na jicho lake. Anayemwibia kichekesho anachukua sehemu ya maisha ya mtu na kusema yalimpata yeye.

Mabadiliko hayo hayakuanzia Kongo. Wanasheria wawili wa Marekani, Dotan Oliar na Christopher Sprigman, waliwahoji wachekeshaji wa inchi yao na kutoa uchunguzi wao mwaka 2008. Walionyesha kwamba zamani, katika maonyesho ya mchanganyiko yaliyojaa nyimbo, ngoma na mizaha, vichekesho vilipita kwa kila mkono na wizi ulikuwa wa kawaida. Katika miaka ya 1960 na baada yake, wachekeshaji walipoanza kusema mambo yao binafsi, ndipo wizi ukawa aibu kubwa ndani ya kazi.

Aibu hiyo ina nguvu. Mwezi wa pili wa mwaka 2007, katika klabu ya Comedy Store mjini Los Angeles, mchekeshaji Joe Rogan alimkabili Carlos Mencia jukwaani, mbele ya watu, akimshitaki kwamba anaiba vichekesho vya wenzake. Mencia alikana. Lakini ugomvi ulirekodiwa, ukasambaa kwenye intaneti, na kipindi chake cha televisheni kikaisha mwaka 2008. Hakuna hakimu aliyeamua lolote kati yao. Hata hivyo, neno «mwizi» lilibaki kwenye jina lake kwa miaka mingi.

Funzo la Paris

Kwa wasikilizaji wa Lubumbashi, ambao wamezoea wachekeshaji wa Kifaransa, kesi iliyo karibu zaidi ni ile ya CopyComic. Mwaka 2017 mtu asiyetaja jina lake alianza kuweka video kwenye intaneti. Hakutukana wala kuhubiri. Aliweka kipande cha mchekeshaji wa Marekani, kisha kipande cha mchekeshaji wa Ufaransa aliyesema jambo lile lile miaka iliyofuata, wakati mwingine hata na mikono ikichezeshwa namna moja. Mtazamaji aliachiwa aamue mwenyewe.

Tomer Sisley alikuwa kati ya waliotajwa kwanza, naye alikiri kwamba alichukua kutoka kwa Wamarekani. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2019 zamu ilifika kwa Gad Elmaleh, mzaliwa wa Morocco na mmoja wa wachekeshaji wapendwa kuliko wote katika inchi zinazosema Kifaransa. Kwanza kulikuwa na juhudi za kuziondoa video. Baadaye alizungumza hadharani na kukubali kwamba alivutwa na kazi za wengine.

Kwa muda mrefu, ukuta uliowalinda waliochukua vya wenzao ulikuwa lugha. Kichekesho cha New York kikigeuzwa Kifaransa, nani Paris angejua? Ukuta huo umeanguka, na ule wa Lubumbashi pia. Anayegeuza kichekesho cha Paris au Abidjan kuwa Kiswahili cha Katanga, akabadilisha divai kuwa munkoyo na metro kuwa taxi-bus, anacheza mbele ya watu walio na ushahidi mfukoni. Simu moja tu inatosha.

Kwa nini ni mkubwa anayeiba?

Swali linalosumbua ni hili: kijana asiye na kitu akiiba, watu wanaelewa. Lakini mwenye jina, gari na ukumbi uliojaa anaiba kwa nini?

Jibu la kwanza ni namna kazi ilivyo. Saa moja ya vichekesho vizuri haitungwi kwa wiki moja. Maneno yanajaribiwa mahali padogo, mbele ya watu wachache wasio na huruma. Mengi yanakufa pale, machache yanabaki, na yaliyobaki yanapunguzwa neno kwa neno. Kazi hiyo huomba miezi, pengine mwaka. TikTok na WhatsApp hazisubiri mwaka. Zinataka kipya leo jioni.

Jibu la pili linauma zaidi. Umaarufu unamtoa mchekeshaji mahali vichekesho vinapozaliwa. Alipokuwa kijana alijua umeme ukikatika Kenya watu hupiga kelele gani, na mama mwuza mikate humjibu vipi mteja anayeomba mkopo. Sasa yuko ndani ya gari la vioo vyeusi, anakula na watu wanaocheka kabla hajamaliza sentensi kwa sababu wanataka kitu kwake. Hakuna anayemwambia: «Hii haichekeshi.» Kisima kimekauka, na anayeishi kando ya kisima kilichokauka huanza kuangalia ndoo za jirani.

Kwa hiyo wizi mara nyingi si mwanzo wa kuanguka. Ni dalili kwamba kipaji kilishaachwa bila kulishwa. Wahenga walisema nguo ya kuazima haistiri matako. Kichekesho cha kuazima nacho hakimstiri mchekeshaji: usiku wa kwanza watu wanacheka, lakini mtu akimwuliza jambo nje ya maneno aliyoyakariri, anabaki wazi.

Wapo waliokataa kukauka. Phyllis Diller, mwanamke Mmarekani aliyeanza vichekesho akiwa mama wa watoto na umri wa karibu miaka 40, aliandika mizaha yake kwenye kadi na kuipanga kwa mada katika kabati la chuma. Kadi hizo, zaidi ya 50,000, zimehifadhiwa leo katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mwenzake Joan Rivers naye alijaza makabati ya kadi na aliendelea kutunga hadi uzeeni. Hawakungoja msaada wa kipaji peke yake. Waliketi kila siku na kuandika, kama mwashi anayepanga tofali.

Sheria ipo, lakini mkono wake ni mfupi

Kongo ina sheria. Ordonnansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na ulinzi unaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa. Tangu mwaka 2011 kuna pia Socoda, shirika la kusimamia haki hizo. Lakini, kama sheria nyingi za dunia za namna hii, ulinzi unahusu kazi iliyopewa umbo, si wazo tupu. Hakuna atakayekuwa mwenye wazo la kucheka umeme unaokatika au mkwe mgomvi. Anayeweza kulalamika ni yule ambaye maneno yake, mpangilio wake na watu aliowaumba vimenyakuliwa.

Kuthibitisha hayo ni kazi ngumu hata penye mahakama zenye nguvu. Nchini Marekani, mtunzi Alex Kaseberg alimshitaki mtangazaji Conan O'Brien mwaka 2015 kwa vichekesho vichache tu. Conan alikana. Kesi ilidumu karibu miaka minne, kisha mwaka 2019 pande mbili zikapatana. Ni mchekeshaji gani wa Kamalondo anayeweza kulipa mwanasheria miaka minne kwa ajili ya sentensi tano?

Jirani Tanzania nako kulizuka mzozo wa namna nyingine. Kundi la Ze Comedy lilipotoka EATV na kwenda televisheni ya taifa, swali likawa nani mwenye jina. Wachekeshaji wakaishia kuitwa Orijino Komedi. Sura na sauti zao waliondoka nazo, lakini jina walilolijenga hawakuweza kulichukua bure.

Kinachoweza kufanyika hapa

Uchunguzi wa Oliar na Sprigman ulionyesha kwamba wachekeshaji hawategemei sana mahakama. Wana kanuni zao: aliyeibiwa humfuata mwenzake na kumwambia ana kwa ana, wakitunga jambo moja bila kujuana, wanapatana nani aliache, na anayerudia kuiba, wenzake hukataa kupanda naye jukwaa moja.

Kanuni hizo hazihitaji feza za serikali. Kijana wa Katuba anaweza kuandika kila kichekesho na tarehe yake, na kujirekodi akikisema kwa mara ya kwanza, hata kama mbele yake kuna watu sita. Anayeandaa usiku wa vichekesho Karavia anaweza kuweka dakika kumi za kufungua kwa vijana wa komini nyingine, majina yao yakiwa kwenye afishi, ili kazi yao ionekane kabla haijachukuliwa. Mkubwa anayependa kichekesho cha mdogo wake anaweza kukinunua, au kusema tu jukwaani: «Hiki ni cha fulani.» Haitampunguzia kitu, na kijana atapata jina.

Na yule mwenye jina anayehisi kisima kinakauka ana dawa isiyopita mpakani. Karavia na Katuba ni mji mmoja. Akishuka kwenye gari akasimama saa moja kwenye foleni ya maji, bila mlinzi na bila simu mkononi, atarudi na vichekesho ambavyo hakuna CopyComic atakayevipata kwa mwingine.