Je, Wajua? Sauti za Katanga kwenye Filamu za Ulaya

Yesu anapofufuka katika filamu ya mwongozaji Mwitalia Pasolini ya mwaka 1964 kuhusu Injili ya Mathayo, okestra haisikiki. Zinasikika ngoma na sauti za kwaya ya Kamina, mji wa eneo la Katanga, Kongo. Ni Gloria, sehemu ya misa ya Kilatini iitwayo Missa Luba. Filamu hiyohiyo ina Bach, Mozart na Prokofiev, lakini kilele wamepewa Wakatanga!

Misa hiyo ilizaliwa mazoezini, bila noti, chini ya Padri Guido Haazen.

Katika filamu ya Uingereza, *If....* (1968), mwanafunzi muasi anapiga tena na tena santuri ya Sanctus, sehemu nyingine ya misa hiyo. Filamu ikatwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Sanctus hiyo imejengwa juu ya wimbo wa Kiluba wa kuagana.