Takwimu za Serikali na Kazi ya Mwandishi wa Habari: Mfano wa Mrabaha wa Madini

Neno "uwazi" limezoeleka sana katika hotuba za watawala wa nchi zinazoendelea. Aghalabu hudhaniwa kwamba serikali ikishatoa takwimu zake, wajibu wake umekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Takwimu humfaa mwandishi wa habari pale tu anapoweza kuzifuata hadi mahali maalumu na tarehe maalumu, kisha akazieleza kwa lugha ya wale wanaohusika nazo. Mfano utakaotumiwa ni mrabaha wa madini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa mwaka 2018, mrabaha hugawanywa katika mafungu manne: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo lililogatuliwa ambamo madini huchimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Eneo lililogatuliwa laweza kuwa mji, komini, sekta au utawala wa kimila. Kobalti, iliyotangazwa kuwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, hutozwa mrabaha wa asilimia 10. Basi kobalti yenye thamani ya dola 1,000,000 hutoa mrabaha wa dola 100,000, na katika hizo dola 15,000 ni haki ya eneo. Hesabu hiyo si ngumu. Linalomshinda mwandishi wa habari wa Kolwezi au Likasi ni kupata tarakimu za kuanzia.

Mahitaji yake ni manne. Kwanza, mchanganuo. Jumla ya nchi nzima haimwambii mkazi wa sekta fulani kama fungu lake limefika. Inatakiwa ijulikane ni kampuni ipi iliyolipa, kwa mgodi upi, na katika akaunti ya nani. Kabla ya 2018 mafungu ya jimbo na ya eneo yalipitia kwanza serikali kuu. Sasa kampuni huyalipa moja kwa moja. Njia imefupika, lakini ushahidi nao umetawanyika katika ofisi nyingi zaidi.

Pili, wakati. Kongo ni mwanachama wa mpango wa kimataifa wa uwazi katika tasnia ya uziduaji, ujulikanao kwa kifupi cha Kifaransa ITIE. Taarifa zake zina manufaa makubwa, ila kanuni zinaruhusu mapato ya mwaka mmoja yatangazwe hata miaka miwili baadaye. Muda huo watosha kiongozi kuondoka madarakani kabla hajaulizwa swali.

Tatu, umbo. Jedwali lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa husomeka kwa macho, lakini kompyuta haiwezi kulijumlisha wala kulilinganisha na la mwaka uliotangulia mpaka mtu alinakili upya.

Nne, kipimo. Dola 15,000 ni nyingi au chache kwa watu wangapi? Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984; kwa hiyo kila wastani kwa kichwa hutegemea makadirio, na mwandishi mwaminifu hana budi kulisema hilo.

Kwamba mahitaji haya si ndoto kunashuhudiwa na Uganda. Uchunguzi uliohusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulibaini kwamba, kwa wastani, shule za msingi zilipata asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa matumizi yake yasiyo ya mishahara. Serikali ikaanza kutangaza magazetini, yakiwemo ya lugha za wenyeji, kiasi kilichopelekwa katika kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Kufikia 2001 fungu lililofika lilikuwa limepita asilimia 80. Wataalamu wengine wamesisitiza kwamba mageuzi mengine ya fedha nayo yalichangia. Hata hivyo, mzazi aliweza kulinganisha tarakimu mbili kwa lugha aijuayo.

Hapo ndipo suala la lugha linapojitokeza. Hati za madini nchini Kongo huandikwa kwa Kifaransa, ilhali msikilizaji wa redio katika Lualaba au Haut-Katanga husikiliza Kiswahili. Mtangazaji akiita malipo yote "kodi", huchanganya mambo matatu: kodi inayotozwa juu ya mapato, ushuru unaolipwa forodhani, na mrabaha, yaani malipo apewayo mwenye mali kwa mali yake kutumiwa. Msikilizaji akidhani kwamba ni kodi ya serikali, hataona sababu ya kumwuliza chifu au meya wake habari za asilimia 15. Kwa kukosa istilahi moja, hoja ya darasa lisilo na madawati au ya zahanati isiyo na dawa hupoteza mahali pa kuelekezwa.

Ibara ya 24 ya Katiba ya 2006 inamtambulia kila mtu haki ya kupata habari. Ili haki hiyo itimie, ofisi zinazotoa takwimu zapaswa kuziambatanisha na maelezo ya istilahi katika lugha za taifa, na idara za Kiswahili vyuoni zina ujuzi wa kuyaandaa pamoja na wanahabari wenyewe.